Ukiongeza jino moja kwenye sproketi ya mbele, pikipiki inakimbia zaidi kweli?

Pita kijiwe chochote cha bodaboda useme unataka kuitoa pikipiki yako Dar es Salaam hadi Morogoro, hutakosa wa kukuambia: "Ongeza jino moja mbele, itatembea hiyo." Aliye pembeni atakwambia upunguze nyuma, mbele usiguse. Wa tatu, kwa kawaida ndiye mkubwa kwa umri, atasema ukigusa sproketi umeua injini. Wote watatu wana kipande cha ukweli, ndiyo maana ubishi huu hauishi. Shida ni kwamba kila mmoja anajibu swali tofauti.

Tuanze na vyuma vyenyewe. Nguvu ya injini ikishapita kwenye klachi na giaboksi hutokea nje, mara nyingi upande wa kushoto, kwenye shafti fupi iliyofungwa gurudumu dogo la meno. Hiyo ndiyo sproketi ya mbele. Kwenye habu ya tairi la nyuma kuna nyingine kubwa, na cheni inazifunga pamoja. Pikipiki ndogo nyingi huwa na meno kama 14 au 15 mbele, na nyuma yanaweza kufika arobaini na kitu. Chukua meno ya nyuma uyagawe kwa ya mbele, unapata uwiano. Nyuma 42, mbele 14, uwiano ni 3: sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ndipo tairi lizunguke mara moja.

Namba hiyo ndiyo ya kukariri, kuliko meno yenyewe. Ikishuka, gia zote zinakuwa nzito. Ikipanda, zote zinakuwa nyepesi. Nasema zote kwa sababu wengi hudhani jino la mbele linagusa gia ya mwisho peke yake. Linagusa namba moja ya kuondokea kwenye mchanga sawasawa na linavyogusa namba tano ya lami.

Aliyewahi kuendesha baiskeli ya gia analijua jambo hili kwa miguu yake. Ukiweka gia nzito kwenye tambarare, unakanyaga taratibu na baiskeli inakwenda mbali kila unapokanyaga. Ukifika kilimani na gia ileile, mapaja yanawaka na unashuka kusukuma. Mapaja ni yaleyale, hakuna aliyekuongezea misuli kwa kubadilisha gia. Injini nayo ni hivyohivyo, tena haiwezi kushuka kusukuma.

Sasa hesabu za jino moja. Kutoka 14 na 42 ukiweka 15 mbele, uwiano unashuka kutoka 3 hadi 2.8. Ukitaka kupata karibu hivyohivyo kwa kugusa nyuma, itakubidi uweke sproketi ya meno 39, yaani upunguze meno matatu. Anayesema "jino moja tu, si kitu" ajue kwamba jino moja la mbele lina uzito wa matatu ya nyuma. Mabadiliko yenyewe ni kama asilimia 7. Ni kidogo kiasi kwamba mtu mwingine akiiendesha pikipiki yako huenda asigundue mjini, lakini kwenye mwendo mrefu wewe utayahisi.

Tuiweke barabarani. Tairi la 3.00-17, ambalo ni la kawaida kwa pikipiki hizi, likizunguka mara moja linakwenda kama mita 1.8. Ukiwa spidi 80 linazunguka mara 740 hivi kwa dakika. Sproketi ya mbele, kwa uwiano wa 3, inazunguka zaidi ya mara 2,200. Injini yenyewe, baada ya kuhesabu gia za ndani, tuseme iko kwenye mizunguko 6,700 kwa dakika. Hapo ndipo unaposikia inalia, vishikio vinatetemeka mpaka vidole vinakufa ganzi, na vioo vya pembeni havionyeshi kitu zaidi ya ukungu. Weka sproketi ya meno 15: kwa spidi ileile ya 80, injini inashuka hadi mizunguko 6,250 hivi. Mtetemo unapungua, sauti inatulia. Hii ndiyo faida halisi ya kuongeza jino, na kwa maoni yangu inatosha kabisa kuwa sababu. Mtu anayekaa juu ya pikipiki saa tatu au nne anahitaji utulivu kuliko spidi.

Ubishi unaanza pale mtu anapoahidiwa spidi.

Chukua pikipiki ya aina ya Boxer 150, yenye injini ya cc 144.8 na nguvu ya farasi 12 hivi inapofika mizunguko 7,500. Kwa hesabu za hapo juu, kwenye uwiano wa 3 mizunguko hiyo inakupa spidi 90. Kwa 2.8 inakupa 96. Anayependa makubwa atafunga 15 mbele na 38 nyuma, na karatasi itamwambia 106. Karatasi haina upepo. Barabarani, ukishapita spidi 60, kazi kubwa ya injini ni kusukuma hewa, na nguvu inayohitajika kwa hewa hupanda kwa kujizidisha mara tatu: spidi ikiongezeka mara mbili, nguvu inatakiwa mara nane. Kutoka 90 hadi 96, ambayo kwa macho ni tofauti ndogo, unahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 21 ili kupasua hewa tu. Kutoka 80 hadi 100 ni karibu mara mbili. Kama injini ilikuwa tayari imetoa yote iliyonayo kwenye 88, hakuna sproketi itakayoipeleka 96. Itabaki palepale au itarudi nyuma, kwa sababu sasa gia ni nzito na injini haifiki tena kwenye mizunguko inakopatikana nguvu yake kubwa.

Ndiyo maana watu wawili wenye pikipiki zinazofanana wanaweza kufanya jambo lilelile, mmoja akasifu na mwingine akalaani. Wa kwanza pikipiki yake ilikuwa na akiba: kwenye gia ya mwisho injini ilipita kilele chake cha nguvu, ikalia bure. Wa pili hakuwa na akiba yoyote. Huyu wa pili, ajabu yake, angeweza kupata spidi zaidi kwa kwenda upande wa pili, yaani kuifanya gia iwe nyepesi kidogo.

Utajuaje yako iko kundi gani? Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, siku isiyo na upepo, ukiwa na mzigo uleule utakaosafiri nao. Vuta mafuta yote kwenye gia ya mwisho uone spidi inagota wapi. Kisha rudisha gia moja, ufanye vilevile. Kama gia ya kabla ya mwisho inakupa spidi ileile au inayokaribiana sana, gia yako ya mwisho tayari ni nzito kuliko injini inavyoweza, na jino la ziada halina la kufanya hapo. Kama gia ya mwisho inaishinda ile ya kabla yake kwa mbali, na injini inafika inalia kwa ukali huku bado ina pumzi, hapo jino moja lina nafasi. Wenye saa ya mizunguko kwenye dashibodi kazi yao ni nyepesi zaidi: waangalie kama sindano, kwenye gia ya mwisho, inafika au kupita mizunguko ya nguvu kubwa iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Viwandani hawakuchagua uwiano kwa kubahatisha. Nyingi ya pikipiki za Kichina za cc 125 na 150 tunazozitumia zimetokana na muundo wa Honda CG125, iliyotoka miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki ni chombo cha kazi, inabebeshwa na haipati matunzo mengi. Gia zake zikapangwa kwa kazi hiyo: abiria, gunia, matope, mlima. Mtu mmoja mwenye begi dogo, kwenye lami ya Chalinze, si mteja aliyefikiriwa kwanza. Kwa hiyo kwake yeye kuna nafasi ya kurekebisha. Kwa anayepiga mshikaki kila siku, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, au anayeshusha viazi kutoka milima ya Lushoto, nafasi hiyo haipo, na fundi mwema atamkatalia.

Milima inastahili maneno yake. Barabara ya Dar hadi Morogoro ni ya mabonde madogo, pikipiki ya jino 15 inaimaliza bila shida. Endelea nayo uvuke Mikumi, ufike chini ya mlima Kitonga. Pikipiki, dereva na abiria ni kama kilo 260. Kwenye mpando wa asilimia 6, yaani unapanda mita 6 kila unapokwenda mita 100, kuushikilia mwendo wa 60 kunakula karibu farasi tatu na nusu kwa kupanda peke yake, bado hujalipa hewa. Pale ambapo zamani namba nne ilitosha, sasa utarudi namba tatu, na huko utakuta pengo: tatu inalia, nne inakwama. Dereva mzoefu anaishi na hilo. Asiyezoea analazimisha nne, injini inagonga, cheni inarukaruka, ukivuta mafuta haiitiki.

Ukizidi kupanda, hewa yenyewe inapungua. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni pungufu ya ule wa pwani kwa karibu asilimia 18. Injini inavuta hewa hiyohiyo ili ichome mafuta, kwa hiyo farasi 12 za Dar zinabaki kama 10 Mbeya. Kwenye tambarare hasara hiyo inafidiwa kidogo, maana hewa nyepesi pia inapasulika kirahisi. Kwenye mlima haifidiwi na kitu, kilo 260 ni zilezile. Mtu wa Mombasa anayeelekea Nairobi yuko kwenye hesabu hiyohiyo, kwani Nairobi nayo iko juu kiasi hicho. Sproketi iliyomfaa Mtwapa inaweza kumchosha Machakos.

Upepo wa mbele nao ni mlima usioonekana. Ukiwa spidi 80 na upepo wa kilometa 20 kwa saa unakuja usoni, nguvu ya kupasua hewa inapanda kwa zaidi ya nusu. Na hapa lazima niwaseme wenzetu wa miamvuli. Kuna mtu ana mwamvuli mpana juu ya pikipiki, abiria yuko wima nyuma, begi limetanuka pembeni, halafu anauliza aweke jino la ngapi ili apate spidi. Ng'oa mwamvuli kwanza. Vaa koti linalobana badala ya linalopepea, jaza upepo wa tairi kwa kiwango cha kitabu, safisha chujio la hewa, hakikisha breki za ngoma hazisugui tairi likiwa linazunguka. Nimeona pikipiki nyingi zinazosemwa "hazina mwendo" ambazo tairi la nyuma ukilizungusha kwa mkono halimalizi mzunguko mmoja.

Je, jino la mbele linaokoa mafuta? Linaweza, kwa sharti moja: uendelee kwenda spidi ileile ya zamani. Injini inayozunguka taratibu inapunguza hasara kwenye misuguano yake ya ndani, hivyo spidi 70 ya sasa inaweza kunywa kidogo kuliko spidi 70 ya jana. Lakini binadamu akisikia injini imetulia huongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka hewa inadai chake. Mjini, kwenye foleni za kuondoka na kusimama, hesabu inaweza kugeuka kabisa, kwa kuwa kila kuondoka kunataka resi zaidi na klachi inateleza muda mrefu zaidi. Ukiona klachi imeanza kunuka baada ya kubadilisha sproketi, sababu unayo.

Mzee wa kijiweni aliyesema utaua injini alikuwa na maana hii. Injini haifi kwa sababu ya jino. Inaumia kwa kulazimishwa kuvuta mzigo kwa mizunguko ya chini, mafuta yamevutwa yote, saa nzima. Joto linapanda, mlipuko unasukuma pistoni kwa nguvu wakati kila kitu kinazunguka polepole, na beringi ndizo zinazopokea kipigo. Lakini kuikimbiza injini karibu na kikomo chake toka Kibaha hadi Mikese nako si kuitunza. Gia nzito inamfaa anayejua kurudisha gia mapema.

Ukiamua kufanya, kazi yenyewe si kubwa. Fundi anafungua kava la kushoto, na kitu cha kwanza utakachokiona ni tope jeusi la grisi na vumbi, limeganda kona zote. Likikwanguliwa, sproketi inaonekana, imezuiwa na kibati chembamba kilichofungwa kwa bolti mbili, kwa kawaida za spana namba 10. Bolti zikitoka, kibati kinazungushwa kidogo kiachane na mfereji wa shafti, kisha sproketi inavutwa pamoja na cheni. Kabla hujanunua mpya, hesabu meno ya zamani kwa kidole badala ya kuamini unachodhani kilitoka kiwandani. Pikipiki ya mtumba imepita mikono mingi.

Angalia pia umbo la meno hayo. Jino zima lina mabega sawa pande zote mbili. Lililochoka limelalia upande mmoja, ncha yake imekuwa kali na bonde lake limepanuka. Kwenye hali hiyo usibadilishe kimoja. Cheni mpya juu ya sproketi mbovu inaliwa haraka, na sproketi mpya chini ya cheni iliyotanuka inanyongwa vilevile. Cheni ya namba 428, inayotumika sana kwenye pikipiki hizi, ina milimita 12.7 kati ya pini na pini, kwa hiyo pingili 20 zikivutwa kwa mkono ni milimita 254. Ikikaribia 259 imekwisha, hata kama kwa macho inang'aa. Cheni ya 420 ina nafasi hiyohiyo ya pini ila ni nyembamba, na hapo ndipo wauza spea hukosea: ukiuziwa sproketi ya 420 na cheni yako ni 428, itaingia, itazunguka, na itacheza pembeni mpaka ijimalize.

Sproketi ya 15 ina duara kubwa kuliko ya 14, hivyo zungusha tairi kwa mkono kabla ya kurudisha kava, usikilize kama cheni inagusa chuma popote. Zipo pikipiki ambazo nafasi hiyo ni ndogo mno, na kukata kava ili cheni ipite ni ujanja ninaoukataa. Jino moja la ziada linavuta ekseli ya nyuma mbele kwa kama milimita 3 tu, kwa hiyo cheni ya zamani mara nyingi inatosha. Ukipunguza meno matatu nyuma, ekseli itarudi nyuma karibu milimita 10, na kama alama za kurekebishia zilikuwa zimefika mwisho, itabidi kukata cheni. Ikishafungwa, iache icheze juu na chini kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu, mara nyingi milimita 20 hadi 30, ukiwa umetafuta sehemu inayobana zaidi kwa kuzungusha tairi taratibu. Ipime tena baada ya safari ya kwanza.

Kwa anayebadilisha mara ya kwanza, mimi ningemwambia aanze na jino moja mbele, asichanganye na nyuma. Sproketi ya mbele ni ya bei ndogo kuliko ya nyuma, inabadilishwa bila kutoa tairi, na asipoipenda anairudisha ya zamani siku hiyohiyo. Faida nyingine ni kwamba mpindo wa cheni unapungua inapozunguka gurudumu kubwa, hivyo inachakaa taratibu. Kwa sababu hiyohiyo, anayetaka gia nyepesi kwa milima afadhali aongeze meno nyuma kuliko kushuka hadi 13 mbele.

Mbili zilizobaki ni za usalama. Breki za ngoma zilizokuwa zikikusimamisha kwenye 80 ndizo zilezile kwenye 96, na nishati ambayo breki hizo zinatakiwa kuizima imepanda kwa asilimia 44. Tena injini yenyewe, ukiachia mafuta, inakushika kidogo kuliko zamani, jambo utakaloliona unaposhuka Kitonga na lori likiwa nyuma yako. Shuka kwa gia moja chini ya uliyoizoea.

Kuhusu saa ya spidi, fuata waya wake ujue unatokea wapi. Ukitoka kwenye tairi la mbele, kama ilivyo kwa pikipiki nyingi za aina hii, usomaji wake haubadiliki. Ukitoka kwenye giaboksi, saa itakudanganya kwa kushusha: ikionyesha 75 wewe uko 80, na ikionyesha 50 kwenye eneo la makazi, tochi ya trafiki itasoma 53 au 54.